Kabla ya Kujenga Uzio, Lisome Shimo: Nani Anachimbua Matunda Yetu Usiku?

Mvua za Machi zikishaanza hapa wilayani Kiryandongo, Uganda, kila mwenye robo ekari anashika jembe. Jirani yangu, mama mmoja anayeuza nyanya sokoni Bweyale, alipanda machipukizi sitini ya mananasi mwanzoni mwa mwezi. Wiki tatu baadaye alinigongea mlango alfajiri. Kumi na tisa yalikuwa yamelala juu ya udongo, mizizi hewani. Kabla jua halijapanda vizuri, watu waliojaa uani kwake walikuwa wameshatoa majibu manne: nguruwe pori, nungunungu, muhanga, na jibu lililoniuma zaidi, kwamba ni kijana wa nyumba ya pili aliyemwonea wivu. Kila jibu lilikuja na dawa yake. Mmoja alimwambia anyunyize sabuni ya unga, mwingine atege waya, mwingine akamnong'oneza jina la sumu ya wadudu inayouzwa madukani kwa chembechembe.

Niliinama nikaokota chipukizi moja. Lilikuwa zima. Majani hayakutafunwa, kitako hakikung'atwa, na vile vimizizi vyeupe vilivyoanza kutoka vilikuwa bado na unyevunyevu. Pale lilipokuwa limesimama palikuwa na kishimo cha umbo la faneli, kipana juu, chembamba chini, kina chake kama urefu wa kidole cha kati. Pembeni mwa kishimo kulikuwa na kipande cha buu mweupe wa mbawakawa, kichwa cha kahawia kimebaki, kiwiliwili kimeliwa. Aliyekuja hakuwa na haja na nanasi. Alifuata mabuu, na nanasi lilikuwa njiani.

Naandika haya kwa sababu ya asubuhi ile. Watu wetu wanapoteza fedha, miezi, na wakati mwingine ujirani, kwa kupigana na mnyama ambaye hata hakufika. Shimo lenyewe husema aliyechimba alitaka nini. Ukishajua alichotaka, kinga huwa nyepesi kuliko unavyodhani.

Majina kwanza

Nusu ya mkanganyiko hutokana na majina. Bweyale ni mji wa watu wa kila upande: Wakongo, Wasudani Kusini, Wakenya, Waganda, Wanyoro, Waacholi, na Kiswahili chetu kimechanganya vyote. Mmoja akisema nungu, mwingine anasikia nguruwe. Kwa hiyo tuelewane.

Nguruwe pori ni yule wa vichakani na mabwawani, mwenye manyoya marefu mgongoni, anayetembea usiku na kundi lake. Nungunungu ni mwenye miiba mirefu myeusi na myeupe, ambaye Waganda humwita nnamunungu. Muhanga ana masikio ya punda, pua ndefu na kucha nene kama majembe. Fuko ni panya mnene wa chini ya ardhi, macho madogo, meno ya mbele yamejitokeza nje. Fungo ni yule mwenye madoa anayetembea usiku peke yake, ndiye ffumbe, jina la ukoo mmoja wa Buganda. Nguchiro ni kale kanyama kembamba kanakotembea mchana kwa kundi, kakilialia na kufukuafukua ardhi.

Kuna na tofauti moja ya maneno ambayo ina uzito kuliko majina yote hayo: kuchimbua na kula. Mmea unaweza kuchimbuliwa na usiliwe hata jani. Unaweza pia kuliwa mizizi yote na usichimbuliwe, ukabaki umesimama kama mzima. Tunapoyachanganya mambo haya mawili, tunaanza kubahatisha.

Mwizi alitaka nini?

Fikiria umerudi nyumbani ukakuta mlango umevunjwa. Redio ikiwa imeondoka, utasema mwizi alitaka vitu. Redio ikiwepo na godoro limepasuliwa, utajua alitafuta pesa zilizofichwa. Bustani ni hivyohivyo. Angalia kilichochukuliwa na kilichoachwa.

Kwanza kuna wanaotaka mmea wenyewe. Hapa nguruwe pori na nungunungu ndio wakubwa. Nguruwe hulima kwa pua. Shamba lake huonekana kama limepitiwa na plau iliyolewa, udongo umepinduliwa kwa mapana, mistari haina mpangilio, na alama za kwato zenye vidole viwili zimejaa. Hachagui. Atachimba nanasi, ndizi changa, muhogo wa pembeni, na nyungunyungu atakaokutana nao humohumo. Ukikuta kipande cha kitako cha nanasi kimetafunwa kikatemwa nyuzinyuzi, huyo ni yeye.

Nungunungu ni mtaratibu zaidi. Anachagua mmea mmoja, anachimba upande mmoja kwa unadhifu, anakula mzizi au shina la chini, kisha anakwenda kwa mwingine. Meno yake mawili ya mbele huacha mifereji iliyo sambamba, kama mtu aliyekwangua mti kwa patasi ndogo. Kwenye mapapai, miembe na maparachichi machanga anatafuna gamba la shina karibu na ardhi. Akilizunguka shina lote, mti umekwisha hata kama majani bado ni kijani, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gamba hilo. Wengi hudhani mti uliokauka mwezi mmoja baadaye umekufa kwa ugonjwa. Na ukitafuta vizuri utaona njia yake kwenye nyasi, kwa maana nungunungu hupenda kurudi palepale, na mara nyingi mwiba mmoja au miwili huwa imedondoka.

Pili kuna anayetaka mizizi bila kutoka nje. Huyo ni fuko. Mmea unanyauka ukiwa umesimama, unauvuta kidogo, unakuja mkononi mwepesi, chini hamna kitu. Shimo wazi hulioni. Unaona vichuguu vidogo vya udongo laini uliosukumwa juu. Fuko mmoja huishi peke yake kwenye mtandao wake wa njia, kwa hiyo uharibifu unaodhani ni wa jeshi zima mara nyingi ni wa mnyama mmoja.

Tatu, na hawa ndio wanaosahauliwa, ni wanaotafuta wadudu: nguchiro, fungo, nyegere, hata kanga na kwale kwa kuparua. Samadi mbichi ni nyumba ya mabuu wa mbawakawa. Sisi huchimba shimo la pasheni, sentimita 45 kila upande, tunajaza udongo laini na samadi ambayo haijaoza, tunamwagilia maji wakati wa jua kali. Kwa nguchiro anayefukua ardhi kavu siku nzima, pale ni sahani iliyoandaliwa. Ni ardhi laini, yenye maji, yenye chakula. Mche uliosimama katikati hauna maana yoyote kwake. Anausukuma pembeni kama wewe unavyosukuma kijiko ili ufikie sufuria.

Katika kundi hili namweka pia muhanga, ingawa yeye ni wa kimo kingine. Chakula chake ni mchwa na sisimizi, karibu hivyo tu. Akichimba bustanini amefuata mchwa, na mara nyingi mchwa hao tumewaita sisi kwa kutandaza nyasi kavu juu ya ardhi iliyo karibu na kichuguu. Shimo lake ni kubwa, refu kwenda chini, na mmea aliouangusha hauna alama ya jino. Lakini kuna sababu ya haki inayofanya asingiziwe kula mizizi. Mashimo anayoyaacha huhamiwa na wengine, na nungunungu ni mmoja wa wapangaji hao. Mtu anaona nungunungu akitoka kwenye shimo la muhanga alfajiri, anachanganya wenye nyumba, na kesho yake muhanga anawindwa kwa kosa la mpangaji.

Nne ni harufu. Mapishi yetu yana mukene, wale dagaa wa ziwani. Vichwa, miiba na vumbi la chini ya gunia tunavifukia kwenye shimo la mche kwa sababu tumeambiwa ni mbolea nzuri, na kweli ni nzuri. Lakini pua ya fungo, ya mbwa au ya nyegere huinusa hata ikiwa chini ya udongo. Usiku huo huo shimo litafunguliwa. Unga wa mifupa na damu ya machinjioni hufanya vilevile.

Wapo pia wanaopita haraka. Nyani huja mchana, huvuta, huonja, hutupa. Vipande vilivyoumwa mara moja vikitapakaa mpaka kwenye miti, usitafute mwingine. Panya buku hufukua mbegu na kuzihamishia shimoni kwake, kwa hiyo ukipanda mbegu za papai moja kwa moja shambani ukakuta vishimo vitupu, panda kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) kwanza uhamishe mche ukiwa na urefu wa kiganja na nusu.

Kinga hufuata shimo

Kwa wanaotafuta wadudu na harufu, dawa ni kuondoa kilichowaita. Acha samadi ioze mpaka isinuke na isipate joto ukiingiza mkono ndani. Kwa rundo linalogeuzwa huchukua miezi miwili hadi mitatu. Ukiligeuza, kuku watakusaidia kuokota mabuu. Mukene na mifupa viende kwenye lundo la mboji vikaoze katikati kabisa. Shimo la kupandia lijaze wiki mbili kabla, lishindiliwe na mvua. Kisha panga mawe ya ukubwa wa ngumi kuzunguka mche, yagusane. Mnyama mdogo anayechokora kwa kucha huacha akikuta mawe, maana kazi inazidi mlo.

Mche mmoja mmoja unaweza kuulinda kwa vitu vilivyopo nyumbani. Mkebe wa rangi uliotolewa kitako, jerikeni iliyokatwa juu na chini, tairi kuukuu, kapu la mianzi lililotoboka: kila kimoja kikizamishwa ardhini kiasi cha kiganja kinatosha kumpitisha mche miezi yake ya hatari. Kwa mti unaotafunwa gamba, zungushia kipande cha bati au wavu wa waya mpaka sentimita 70 juu, ukiacha nafasi shina linenepe.

Fuko hazuiwi na uzio wowote wa juu. Kama una miche michache ya thamani, tengeneza kikapu cha wavu wenye matundu madogo, uupande mche ndani yake, mizizi myembamba itapita na shina la chini litabaki salama. Vinginevyo muite mtegaji wa fuko. Kila kijiji kina mzee anayejua kupinda fimbo na kufunga kamba njiani mwake, na kazi hiyo ni safi kuliko petroli na moshi, ambavyo huharibu udongo na fuko akajifungia upande wa pili akangoja.

Sasa tufike kwenye uzio, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi huzikwa bure. Uzio unaoishia juu ya ardhi ni mlango usio na kizingiti. Nguruwe pori kwa kawaida haruki. Anaingiza pua chini na kuinua. Nungunungu naye huchimba palepale ukingoni, chini ya waya. Siri ni sketi. Unachukua wavu wa kuchomelea, siyo ule mwembamba wa kuku ambao meno ya nungunungu huukata, unauzika sentimita 30 kwenda chini, kisha unaukunja sentimita 30 nyingine kuelekea nje, kama herufi L iliyolala. Mnyama anafika ukingoni, anachimba, anakuta wavu. Anachimba tena palepale. Hana akili ya kurudi nyuma hatua moja aanzie mbali. Amesimama juu ya kile anachojaribu kukiinua, mfano wa mtu anayevuta mkeka alioukalia. Kama huna uwezo wa kuuzika, ulaze tu juu ya ardhi ukielekea nje, uubane kwa vigingi na mawe, nyasi zitaufunika.

Kwa nungunungu urefu wa mita moja juu unatosha. Kwa nguruwe kinachohitajika ni nguvu upande wa chini: nguzo zilizo karibu, na waya wa miiba uliokazwa ukigusa ardhi. Asiye na fedha za waya aanze mapema na ua hai. Majirani wa hifadhi ya Bwindi kule kusini magharibi wamepanda ua wa mmea wa miiba iliyopinda ambao ukishasongamana hata mbuzi haupiti, ila unahitaji miaka na kupogolewa, la sivyo unageuka kichaka kinachowafuga haohao unaowafukuza. Hilo la kichaka lina uzito. Nguruwe pori anapenda kutoka kwenye giza na kuingia kwenye giza. Ukifyeka mita kumi pembeni mwa bustani, na usipande muhogo kwenye ukingo huo, umemnyima barabara na kitafunwa cha njiani.

Yanayosemwa na yalivyo

Nungunungu harushi miiba. Miiba yake ni nywele zilizokuwa ngumu, zimeshikwa kidogo tu kwenye ngozi. Akitishwa anageuka mgongo na kurudi nyuma kwa kasi, na mbwa aliyemfuata anajikuta amejaa miiba puani. Kwa mwenye mbwa, elewa kwamba hatari ni ya mbwa zaidi kuliko ya mnyama. Meno ya nguruwe pori nayo hupasua mbwa tumbo.

Nywele za saluni, sabuni, mkojo, majivu: vyote hufanya kazi siku chache. Harufu ngeni inamtia mnyama wasiwasi, kisha anaona hakuna baya lililofuata, anazoea. Sisi wenyewe huzoea harufu ya soko la samaki. Vitumie kama unangoja waya ufike, usivitegemee msimu mzima.

Utupa, ule mmea ambao wavuvi walikuwa wakiutumia kulevya samaki na ambao Waganda huuita muluku, hupandwa sana kuzuia fuko. Wapo wakulima wanaouapia na wapo waliokuta fuko amepita katikati yake. Ushauri wangu: upande, kwa kuwa unarutubisha udongo hata fuko akikaidi, lakini usiache kutega.

Waya uliounganishwa na umeme wa nyumba ni kaburi. Uzio wa umeme uliojengwa kwenye mipaka ya hifadhi zetu hutumia mashine maalumu inayotuma mshtuko mfupi wa kudunda, kisha unakatika, mnyama au mtoto anapata nafasi ya kuachia. Umeme wa nyumba hauachii.

Na sumu. Hapa naomba tusikilizane kwa makini. Zile chembechembe za kuua wadudu zikiwekwa kwenye ndizi mbivu hazijui nani anakula. Atakula nguruwe, atakula mbwa wa jirani, kisha tai atakula mzoga. Aprili 2018, simba kumi na mmoja, wengi wao watoto, walikutwa wamekufa karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, na ikashukiwa kuwa wenye ng'ombe waliwawekea sumu. Machi 2021, sita wengine walikutwa Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi hiyohiyo, wamekufa, na tai pamoja nao. Bustani ya mananasi si zizi la ng'ombe, lakini chembechembe zikishamwagwa shambani hufuata mkondo uleule, na mvua huzipeleka kwenye kisima tunachokinga jerikeni zetu.

Sheria inasema nini

Wanyamapori wa Uganda wako mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, hata wakiwa wamelala kwenye kichaka chako. Kuwaua au kuwategea bila ruhusa ni kosa. Nguruwe pori, nyani na tumbili wamewekwa kwenye kundi la waharibifu, na kuwapunguza kumekuwa kazi inayopitia serikali ya wilaya. Hiyo haimpi kila mtu ruhusa ya kutandika mitego ya waya, kwa sababu mtego nao haujui nani amekanyaga.

Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilianzisha mpango wa fidia kwa aliyejeruhiwa, aliyefiwa au aliyeharibiwa mazao na wanyama nje ya hifadhi. Ina orodha ya wanyama wanaohusika, na si kila mchimbaji yumo, kwa hiyo uliza kabla ya kuhesabu fedha. Anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kisha ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori iliyo karibu, siku ileile. Usisawazishe udongo. Piga picha shimo, alama za miguu, na mmea ulivyolala, uweke mkono wako kando ili ukubwa uonekane. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako, na bila hiyo ofisa atafika akute umeshapalilia. Kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi kuna pia asilimia 20 ya ada za kiingilio inayorudishwa kwa jamii. Mitaro na ua wa miiba vimejengwa kwa fedha hizo mahali kadhaa, na mkutano wa kijiji ndipo pa kuomba.

Mche uliochimbuliwa

Usiutupe kabla hujauangalia. Kama mizizi haijakauka, urudishe asubuhi hiyohiyo kabla ya saa tatu, kabla jua halijawa kali. Uloweke kitako chake kwenye maji wakati unasafisha shimo. Toa udongo wenye samadi mbichi na mabuu, weka udongo wa kawaida, shindilia kwa kisigino. Kwa papai na pasheni punguza nusu ya majani ili mizizi iliyojeruhiwa isilemewe, kisha weka kivuli cha jani la mgomba kwa siku nne au tano. Nanasi ni gumu zaidi, hata likikaa siku mbili juani linaweza kushika tena.

Tuliyarudisha yote kumi na tisa siku ile. Samadi tuliitoa kwa beleshi tukaihamishia nyuma ya banda la kuku. Wiki iliyofuata nguchiro walikuja, mchana kweupe, nikawahesabu kumi na wawili wakipita kwa mstari kati ya matuta, wakachokora kidogo kwenye mawe, wakaendelea kuelekea korongoni. Mawili yalikauka. Kumi na saba yameshika. Mawe aliyabeba kijana wa nyumba ya pili, toroli tatu, na mama akamwandalia chai.